Matawi Yenye Watu

Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Lindi, na kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba hakuna jambo lisiloandikika, ni uvivu wao tu. Siku hizi siwaambii tena. Niliwahi kuketi kuueleza mti mmoja wa baba yangu kwa lugha hiyohiyo ninayolipwa mshahara kuifundisha, na tangu hapo naingia darasani sina hamu.

Mti wenyewe ni mkorosho. Uko nyuma ya nyumba ya baba, kijiji kimoja mbele ya Kitomanga, ukishuka kwenye basi unachukua bodaboda na kufika kabla vumbi halijakukaa vizuri. Aliyeupanda ni bibi yangu mzaa baba. Mgeni akiuona mara ya kwanza haoni mti, anaona rundo la majani, maana matawi yake ya chini yalianzia karibu kabisa na ardhi, yakatambaa juu ya mchanga, kisha yakainuka tena kwa mbele. Ukiinama ukaingia ndani yake unakuta ubaridi na nafasi ya kutandika mikeka. Humo tulikula, humo tulilala mchana wa jua kali, humo tulijificha fimbo za mama.

Kwetu mtoto akitimiza arobaini hutolewa nje, hupelekwa kwenye mkorosho ule na kuonyeshwa tawi lake. Sijui kama jirani wanafanya hivyo, sisi ndivyo tulivyokuta. Korosho zinazoanguka chini ya tawi lako ni zako. Unaokotewa mpaka upate akili ya kuokota mwenyewe, na hizo ndizo zinazokununulia nguo ya Idi. Mimi na kaka yangu, ambaye sasa anaishi Kilwa Masoko, tulipigana sana juu ya mpaka, kwa sababu tawi lake lilipindia juu ya langu na kila korosho iliyoanguka hapo ilikuwa na kesi yake. Mama alipoolewa naye alipewa tawi, la upande wa jikoni, ili aweze kuliangalia akipika.

Na tawi la mtu halikatwi. Mwenyewe akifariki linabaki palepale, na korosho zake zinauzwa kwa ajili ya hitma yake. Mdogo wetu wa mwisho hakuishi hata akaota meno, lakini tawi lake lilikuwepo, limenenepa, limezaa matawi mengine. La mama likawa la hitma tangu tulipomzika. Wataalamu wa kilimo walikuja kwa zamu zao, kila mmoja akamwambia baba apogoe yale matawi ya chini, na baba aliwakaribisha chai, akawaitikia, akawasindikiza mpaka njiani. Kisha akarudi akaendelea na mambo yake.

Halafu ukaja mnyauko. Wakulima wa huku wanaujua. Mkorosho uliokuwa mzima unaanza kugeuka manjano upande mmoja, kana kwamba upande ule peke yake umenyimwa maji, na baada ya muda mfupi mti wote umesimama mkavu na majani yake yamening'inia hayataki hata kuanguka. Hauna dawa. Hata salfa tunayopulizia mikorosho haifui dafu. Baba alianza kupoteza mikorosho ya bondeni, ugonjwa ukapanda kuelekea nyumbani, mti baada ya mti, na yeye alikuwa akiikata iliyokufa kwa panga lake na kuichoma moto, peke yake, mzee mwenye mgongo unaouma. Kila nilipompigia simu aliniambia upande gani sasa. Nilimwambia pole, na neno pole likisemwa kila wiki linachosha hata anayelisema.

Ndipo bibi shamba wa kule, dada mmoja mchangamfu mwenye pikipiki yake, alipoleta habari ya mradi. Watu wa mradi walikuwa wanatafuta mikorosho mikongwe ambayo bado ina afya, wachukue vikonyo vyake, yaani zile ncha changa za matawi, wakavibebeshe kwenye miche mipya mbali na ardhi yenye ugonjwa. Mti wako ukichaguliwa, hata ukifa hapa, utakuwa unaishi kwingine. Baba alilielewa jambo hili haraka kuliko lolote ambalo serikali imewahi kumweleza. Nilipofika nyumbani wiki ile nilimkuta amenyoa ndevu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umesikia? Mti wa bibi yako watauchukua."

"Hawajasema watauchukua, baba. Wamesema wataangalia."

"Wakiangalia watauchukua," akasema, na akaingia ndani kuniletea kiti.

Hilo ndilo alilolitaka duniani, sikumbuki akitaka kingine. Hakutaka kuja kukaa kwangu mjini, hakutaka godoro jipya nililomnunulia, lile limekaa na nailoni yake mpaka leo. Alitaka mkorosho ule upate pa kwenda kabla mnyauko haujafika nyuma ya nyumba.

Tatizo likawa hili. Wachaguaji walikuwa mbali, hawaji kuona. Walitaka picha na maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Picha nilipiga kwa simu, nikazunguka pande zote, nikapanda hadi juu ya paa la jiko, na kila picha ilitoka kichaka. Bibi shamba aliziangalia akatikisa kichwa. "Mwalimu, hizi hazisemi kitu. Maelezo yako ndiyo yatakayoubeba huu mti. Eleza hasa matawi, jinsi yalivyo mengi. Ila andika mti tu, usiwaandikie habari za watu, wale hawana muda wa hadithi."

Baba alikuwa amesimama pembeni anasikiliza. Akaniambia, "Waambie yanafika chini. Waambie ukiwa ndani mvua haikupati."

Nilicheka kwa dharau kidogo. Nilidhani nimepewa kazi ya kidato cha pili.

Jumamosi ile nilikaa kwenye ofisi ya walimu, madirisha wazi, na kamusi kubwa ya shule mbele yangu. Kwa Kiswahili ningeumaliza kwa mstari mmoja. Ningesema mti umetanda, au umesheheni matawi, na msomaji wa huku angeshaona kivuli na kutaka kuvua viatu. Kwa Kiingereza nilianza na bushy. Kamusi ikanipa mfano wa mkia wa mbweha na nyusi za mzee, na isitoshe lilikuwa neno la zile picha zangu, neno la kichaka. Nikalifuta. Nikaandika dense. Hilo lina uzito mzuri, lakini ndilo linalotumika kwa ukungu na kwa mtoto asiyeelewa somo, nami sikutaka mkorosho wa bibi yangu uonekane mjinga. Nikajaribu luxuriant na papo hapo nikaona chupa za mafuta ya nywele kwenye duka la vipodozi. Profuse lilinipendeza kwa sauti yake, mpaka niliposoma mifano: kutokwa damu, kutokwa jasho, kuomba radhi.

Niliudhika kweli. Nimeifundisha lugha hii kwa watoto wa wavuvi na wa wakulima wa ufuta, nimewatandika kwa ajili yake, na siku nilipoihitaji kwa shida yangu mwenyewe ikanijia na mafuta ya nywele na damu. Kila neno lilikuwa na watu wake tayari, limeshakaa kwao, halikuwa na nafasi ya kutandikia mkeka wetu.

Lililobaki lilikuwa spreading. Ni neno zuri, la mti ulionyoosha mikono, nikaliandika na nikatulia. Kisha nikasoma aya ya juu yake, pale nilipoeleza mnyauko, nikaona nimeshalitumia kwa ugonjwa. Mti unatanda, na maradhi yanatanda. Nilifunga kamusi nikaenda kununua muhogo wa kukaanga getini.

Mwishowe niliandika richly branched, kwamba mti umetajirika kwa matawi, na kwamba matawi hayo huanzia karibu na ardhi, ni mengi kila upande, marefu na yenye afya, hayajawahi kukatwa tangu mti ulipopandwa. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyojivunia. Kwetu ukisema mti haujawahi kukatwa umeusifu, umewasifu na wenyewe. Niliisoma kwa sauti ofisi ikiwa tupu. Nikaituma.

Jibu lilichukua muda mrefu kuja. Katika muda huo mnyauko ulifika kwenye mikorosho ya jirani, ukavuka uzio. Baba alikuwa akiuliza kila nilipopiga, "Wameshasoma?" nami nasema bado, naye anasema, "Basi wanasoma polepole, Kiingereza chako kizito." Alikuwa anatania, na alikuwa hatanii.

Jibu lilikuja kwenye simu yangu wakati wa kipindi, bibi shamba alilipitisha kama alivyolipata. Lilikuwa fupi. Kuhusu matawi walitumia neno moja, overgrown, wakaendelea: matawi yote ya chini yaondolewe, mti uangaliwe upya, kisha vikonyo vinaweza kuchukuliwa. Nilibaki nimelikodolea macho lile neno mbele ya darasa zima huku nimeshika chaki. Maana yake ni kitu kilichoota kupita kiasi kwa kuachwa bila mwenyewe. Ndivyo wanavyosema kwa makaburi yasiyopaliliwa na kwa nyumba zilizohamwa.

Ijumaa nilikwenda nyumbani. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumwambia, na sasa kazi ilikuwa ileile, ila imegeuzwa. Baba aliniona toka mbali, akasimama.

"Wamejibu?"

"Wamejibu, baba. Wanasema mti umestawi mno."

Uso wake ukafunguka. Sijawahi kumuona amefurahi vile tangu mama alipokuwa hai. "Si nilikwambia? Wameuelewa!" Akapiga makofi mara moja, akamwita jirani aje asikie, nikamzuia kwa mkono.

"Baba, ngoja. Wanasema umestawi kupita kiasi. Wanataka matawi yapunguzwe kwanza. Ya chini."

Alikaa.

"Ya chini," akasema. "Ya chini ndiyo yenye watu."

"Najua, baba."

"Umewaambia kama yana watu?"

"Waliniambia niandike mti tu."

Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Aliuliza kama yakibaki mawili matatu wataukubali, nikampigia bibi shamba, akasema hapana, yote, la sivyo watu wa mradi wana miti mingine. Baba aliitikia kwa kichwa kana kwamba bibi shamba yuko mbele yake. Asubuhi nilirudi Lindi kwa sababu Jumatatu nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilimwambia asubiri nije na kaka, tuamue pamoja.

Hakusubiri. Katikati ya wiki alinipigia, anahema. "Nimeshayakata, mama. Nilianza na langu." Alieleza mpangilio wake bila mimi kumuuliza: lake, la kaka, langu, la yule mtoto, na la mama yangu mwisho, baada ya kuswali rakaa mbili. Alisema jua sasa linaingia mpaka shinani. Alisema hivyo kama mtu anayesimulia nyumba iliyoezuliwa. Nililia kwenye korido ya shule, wanafunzi wakijifanya hawanioni.

Aliyakata kwa panga lake. Lilelile la bondeni.

Habari ya mapanga ilikuwa imesemwa kwenye mkutano wa kijiji: ukimaliza kukata mti wenye mnyauko, choma panga lako motoni au lioshe kwa dawa kabla hujagusa mti mzima, maana ugonjwa husafiri kwenye chuma. Siku ya mkutano baba alikuwa mazikoni, kijiji cha pili, na huku kwetu mtu haachi maziko kwa sababu ya mkutano. Hakuna aliyemfikishia. Naye si mtu mchafu. Panga lile alilinoa vizuri kabla ya kazi, akalifuta kwa kitambaa safi, kwa heshima ya matawi yenyewe.

Bibi shamba alipokuja kukagua nami nilikuwepo. Mti ulikuwa umesimama uchi hadi kifuani, vidonda vyeupe vya mviringo vimeuzunguka, na baba amefagia chini yake pakang'aa. Alimwonyesha kila kidonda kilivyokatwa sawasawa. Yule dada alisifu. Kisha akauliza, kwa kuuliza tu, panga gani lilitumika, na baba akaenda kulileta kwa fahari. Yule dada akalishika, akalitazama, akaliweka chini taratibu. Akasema turudi kuangalia baada ya mvua za kwanza, vikonyo havichukuliwi sasa. Kwenye njia ya kutokea ndipo aliponiambia sababu, na yeye mwenyewe macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Sikumwambia baba. Mvua ilimwambia. Majani mapya yalipotoka upande wa jikoni yalitoka vizuri, yakakaa siku chache, yakaanza manjano. Ni upande uleule lilipokuwa tawi la mama. Bibi shamba alikuja, akaangalia kwa mbali, akashika mkono wa baba kwa mikono yake miwili na kuomba radhi, ingawa hakuwa amekosa. Mradi ukaenda na vikonyo vya watu wengine. Baba aliendelea kufagia chini ya mti ambao hauna tena chini.

Nilikwenda kumwona likizo iliyofuata. Alikuwa amekonda, na alikuwa ameacha kuuliza habari za mjini. Baada ya swala ya alasiri alitoka na kiti chake, akaketi akiuelekea mkorosho. Nusu yake ilikuwa imekauka tayari.

"Ile karatasi yako unayo?" akauliza.

Nilikuwa nayo kwenye mkoba, sijui kwa nini nilikuwa natembea nayo.

"Nisomee. Kwa lugha yetu. Sikuwahi kuisikia."

Nilifungua. Nikaanza kugeuza kwa Kiswahili kama ilivyo: mti umetajirika kwa matawi, huanzia karibu na ardhi, marefu, yenye afya. Baba alifumba macho. Nilipofika hapo alinyoosha mkono, akaelekeza upande wa jikoni bila kufumbua.

"Na tawi la mama yako? Umeliweka wapi?"

Nikatazama karatasi. Hapakuwa na mtu hata mmoja, na nilishamwambia siku ile, ila alikuwa amesahau au hakutaka kukumbuka. "Linafuata," nikasema.

Nikasoma. Nikasoma kwamba upande wa jikoni kuna tawi la mke wa mwenye shamba, alilopewa siku alipoolewa, na kivuli chake kilikuwa kinafika mafigani. Nikasoma la kaka lilivyopindia juu ya langu na kesi zetu za korosho, baba akacheka kwa pua. Nikasoma la mtoto aliyeonyeshwa siku ya arobaini yake, akaishi siku chache tu baada ya hapo. Nikasoma la baba mwenyewe, la kwanza, alilopewa na mama yake. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi muda wote, nayafuata maandishi ya Kiingereza mstari kwa mstari ili asitambue. Maneno yalikuja yenyewe, sikuyatafuta, na nilipofika mwisho nilikunja karatasi kwa haraka kana kwamba angeweza kuisoma.

Baba alifumbua macho. Alikaa akiutazama mti, akatikisa kichwa taratibu.

"Umeandika vizuri sana, mama," akasema. "Kila kitu umewaambia. Sasa mbona walisema tuyakate?"